Nasaba Si Mali ya Mlezi

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.t.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyezaliwa yatima, akalelewa na babu yake kisha na ami yake Abu Talib, naye akabaki kuwa Muhammad bin Abdillah. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, Ijumaa moja baada ya swala alitufikia ofisini kijana kutoka katika kijiji kimoja cha Muheza. Tunamwita kijana kwa mazoea tu, kwani ana mke na watoto wawili na umri wake umevuka miaka thelathini. Kwa idhini yake tunaieleza habari yake, tukiwa tumeyaondoa yale yanayoweza kumtambulisha.

Alilelewa na mzee mmoja mkulima wa michungwa pamoja na mkewe, ambao hawakujaaliwa mtoto. Walimsomesha madrasa na shule, wakamwoza, wakampa kiwanja cha kujenga. Cheti chake cha kuzaliwa kinamtaja mzee yule kuwa ndiye baba, na mkewe kuwa ndiye mama. Kisha mzee akafariki dunia. Ulipofika wakati wa kugawa mirathi, ndugu wawili wa marehemu walisimama mbele ya watu wakasema kuwa huyu hana fungu, kwa sababu marehemu hakumzaa; aliletwa nyumbani akiwa na umri wa wiki chache. Kijana alidhani ni hila ya kumdhulumu. Akaenda kwa mama yake, aliyekuwa bado yumo katika eda, akamwuliza. Mama hakujibu. Alilia tu.

"Baba yangu nilimzika Jumatano," alituambia, "na kabla miezi miwili haijapita nikaambiwa hakuwa baba."

Hakuja kulalamikia shamba. Alikuja na swali ambalo alikwisha kulipeleka kwa watu watatu kabla yetu: je, anaruhusiwa kuwatafuta waliomzaa? Wa kwanza alimwambia kuwa huko ni kukosa shukrani. Wa pili akamwambia asifukue aibu za watu. Wa tatu, ambaye ni mtu anayesomesha, alimtisha kuwa mama mlezi akikasirika basi hatapata radhi.

Sisi tunasema anaruhusiwa. Na tunaongeza kuwa wenye kuulizwa katika jambo hili si yeye anayetafuta, bali ni wale waliomficha.

Wale ndugu wa marehemu walisema kweli katika suala la mirathi. Mtoto wa kulea hamrithi mlezi wake, wala mlezi hamrithi yeye, na hilo halina mzozo baina ya wanazuoni. Lakini kweli hiyo walikuwa nayo kwa zaidi ya miaka thelathini. Walihudhuria ndoa yake wakamsikia akitajwa kwa jina la baba asiyekuwa baba yake, wakala walima, wakarejea majumbani kwao. Ukweli uliowakaa kooni miaka yote hiyo ulipata sauti siku ya kugawa michungwa.

Allah (s.w.t.) amebainisha katika Suratul Ahzab, aya ya 4 na ya 5, kwamba kumwita mtoto wa mtu mwingine mwanao ni maneno ya kinywani tu, hayabadili kilichopo, na akaamrisha watoto hao wanasibishwe na baba zao. Iwapo baba zao hawajulikani, basi wana daraja ya ndugu katika dini. Mara nyingi aya hizi husomwa misikitini kwetu kama katazo kwa mlezi, nalo ni katazo kweli. Tunaomba zisomwe pia kama haki ya mtoto. Amri ya kumwita mtu kwa baba yake haitekelezeki bila ya kumjua baba huyo. Kwa hiyo anayemtafuta baba yake anatafuta njia ya kuitekeleza aya. Na ruhusa iliyotolewa kwa yule asiyejulikana baba yake ni ya mtu aliyeshindwa kujua, si ya mtu aliyejua akafunika.

Sababu ya kuteremka aya hizi inafahamika. Zaid bin Haritha (r.a.) alikuwa mtoto mdogo wa kabila la Kalb alipotekwa na wavamizi, akauzwa katika soko la Ukadh, akafika Makka katika nyumba ya Bi Khadija (r.a.), naye akamkabidhi kwa Mtume (s.a.w.). Baba yake alimlilia na kumtafuta miaka mingi. Watu wa kabila lake walipokuja kuhiji wakamtambua, wakapeleka habari, na Haritha akafunga safari pamoja na ndugu yake hadi Makka akiwa na mali ya kumkomboa. Tuangalie alivyofanya Mtume (s.a.w.). Hakumficha Zaid, wala hakumwambia Haritha kuwa amekosea nyumba. Alimwita Zaid mbele ya baba yake, akamwuliza kama anawajua watu hawa, kisha akampa hiari bila ya fidia. Zaid akachagua kubaki. Ndipo akatangazwa kuwa Zaid bin Muhammad, na akaitwa hivyo mpaka aya zilipoteremka na kumrejeshea jina la Haritha. Hakutolewa katika mapenzi kwa kuwa ametolewa katika jina. Ndiye Swahaba pekee aliyetajwa kwa jina lake katika Qur'ani, na alikufa shahidi huko Mu'ta, mwaka wa 8 Hijria, akiwa amirijeshi.

Walezi wetu wanaogopa kwamba mtoto akimjua aliyemzaa ataondoka. Zaid alimjua, alimwona kwa macho yake, akabaki. Tofauti ni kwamba yeye hakudanganywa.

Hapa pwani kulea mtoto wa mwenzio ni jambo la kale na ni jambo jema. Kuanzia Moa na Vanga hadi Pangani na Kipumbwi, ni nyumba chache zisizokuwa na mtoto wa dada, wa kaka, wa jirani aliyefariki, au wa msichana aliyezaa bila ya ndoa na wazee wakaona heri mtoto aende mbali. Mashangazi na mabibi wamelea maelfu bila ya karatasi wala shukrani. Hatuna neno nalo. Neno letu ni juu ya kufuta.

Na kufuta huku hatukukuanza jana. Pangani ilikuwa mwisho wa njia ya misafara itokayo bara, na miongoni mwa waliofikishwa pale wamo watoto ambao kwao hawakupaona tena. Waliofika mikononi mwa wenye kuwamiliki walipewa majina mapya, Baraka, Mabruki, Faraji, majina mazuri yasiyokuwa na baba nyuma yake. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba wa mwaka 1873, lakini wajukuu wa watu wale bado wapo mitaani kwetu, na ukiwauliza babu wa nne ni nani wanakutazama tu. Waliokuwa wakifanya hivyo wengi wao walikuwa Waislamu, wakisoma Suratul Ahzab. Si vyema tukaisema historia hii pale tu inapowagusa wengine.

Baadaye ukaja mkonge. Miche iliyosalimika kutoka Marekani ilipandwa Kikogwe, ng'ambo ya Pangani, mwaka 1893, na kwa miongo mingi mashamba ya Tanga yaliwavuta watu kutoka Msumbiji, Nyasa, Ruanda-Urundi na kila pembe ya nchi yetu. Waliitwa manamba, kwa kuwa mtu alijulikana kwa namba yake. Mkataba ulipokwisha, wengine walirudi makwao na kuacha watoto makambini, na mtoto akauliziwa baba akajibiwa kwa jina moja lisilo na kijiji. Kisha yakaja mapinduzi ya Unguja ya tarehe 12 Januari 1964. Watu walivuka bahari usiku, wengine kwa mashua kutoka Pemba kuja pwani hizi, na wengi wakaishia Oman na nchi nyingine za Ghuba, hasa baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970. Zimebaki huku familia ambazo baba yao ana watoto wengine Maskati, na pande mbili hizo hazijapata kuonana. Simu ya mkononi imewaunganisha baadhi yao katika miaka hii. Wengine wanaogopa kupiga, wasije wakadhaniwa wanafuata mali.

Kwa hiyo kijana wetu si mtu wa ajabu. Yu katika safu ndefu.

Wanaosema aachwe na amani yake hawajafikiria yanayotegemea nasaba. Tuanze na lile linalotutia hofu zaidi. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Uqba bin al-Harith (r.a.) alioa binti wa Abu Ihab, kisha akatokea mwanamke mmoja akasema kuwa amewanyonyesha wote wawili. Uqba hakuwa na habari hiyo. Alipanda mnyama wake kutoka Makka akaenda Madina kumwuliza Mtume (s.a.w.) swali hilo moja, na baada ya jibu alitengana na mkewe. Mtu yule alisafiri jangwani siku nyingi kwa ajili ya kunyonya tu. Sisi tunaficha kuzaliwa.

Tulimwuliza kijana ni nani aliyemnyonyesha katika miezi yake ya mwanzo, kwa kuwa mlezi hakuwa amezaa. Hakujua. Aliporudi nyumbani na kuuliza, ikadhihirika kwamba alinyonyeshwa na mdogo wa mama mlezi, ambaye wakati ule alikuwa na mtoto wake wa kike mchanga, naye alimnyonyesha miezi kadhaa. Hapo ndipo kijana alipokumbuka kwamba alipokuwa na miaka ishirini na kitu alitaka kumposa binti huyohuyo, akimdhani ni binamu, na mama akapinga kwa ukali bila ya kutaja sababu. Alimnunia mama yake mwaka mzima. Ukoo ulisema mama ana kiburi. Kumbe mwanamke yule alikuwa akilinda mpaka wa Allah peke yake, huku amefungwa mdomo na uongo wa nyumba nzima. Je, angefariki yeye kabla ya posa?

Kunyonya huko kumeleta kheri pia. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani hii, kunyonya mara tano kamili kabla ya mtoto kutimiza miaka miwili kunathibitisha udugu wa maziwa. Kwa hiyo mama mlezi ni khalati yake wa kunyonya, ni maharimu yake, na hakuna wa kumwambia leo kwamba asiingie chumbani kwake. Laiti walezi wote wangelijua hili na kulifanya mapema! Mwanamke anayechukua kichanga amtafutie maziwa ya dada yake, au ya dada wa mumewe ikiwa mtoto ni wa kike, kisha aliandike jambo hilo na kulishuhudisha.

Kwa mtoto wa kike mambo ni mazito zaidi. Mlezi si walii wake. Akisimama kumwoza kwa jina la baba, ameitia dosari ndoa ya binti aliyempenda, na binti hana habari. Kama baba na ukoo wake hawajulikani, walii ni kadhi au aliyewekwa mahali pake, na sheikh yeyote anayefungisha ndoa analijua hilo, mradi aambiwe. Na katika mirathi, wengi husema mtoto wa kulea anakosa. Hawasemi kwamba mama aliyemzaa naye ana haki katika mali ya mtoto huyo akitangulia kufa: sudusi ikiwa ameacha watoto. Kijana huyu ana watoto wawili, nyumba na pikipiki mbili za biashara. Lau angekufa mwaka jana, fungu la mama yake lingeliwa na watu wasiostahiki.

Mtume (s.a.w.) ametahadharisha vikali juu ya mtu anayejinasibisha na asiyekuwa baba yake hali ya kuwa anajua. Kijana hakuwa akijua, hivyo hana lawama. Kujua kulikuwa kwa watu wengine, na kila mwaka walijaza fomu.

Sasa, ni vipi mtu atafute? Kama uasili ulipita Mahakama Kuu, kuna jalada, na Msajili wa Vizazi na Vifo ana daftari la watoto walioasiliwa. Lakini wengi wetu hatukupita huko. Daftari letu ni watu, na watu wanakufa. Aanze kwa mlezi mwenyewe, kwa upole, kisha mkunga aliyezalisha, majirani wa zamani, maalimu wa chuo, balozi wa nyumba kumi, kadi ya kliniki. Asianze kwa kutangaza jina la mwanamke redioni. Mama aliyejifungua akiwa na miaka kumi na sita huenda leo ni mke wa mtu na hajapata kumweleza mumewe. Sitara yake ni wajibu. Atumwe mwanamke mzee mwenye busara aende peke yake, na jibu likiwa ni hapana, mlango uachwe bila ya kupigwa teke. Mtoto ana haki ya kujua ametoka wapi. Kupendwa ni riziki nyingine.

Wapo wanaouliza kuhusu vipimo vya vinasaba. Hapa nchini hufanywa na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya mwaka 2009, na maombi hupitia mahakamani, kwa wakili, ustawi wa jamii na vyombo vingine vilivyotajwa. Baraza la Fiqhi la Makka lilijadili suala hili Januari 2002 na kuruhusu vipimo hivyo pale nasaba isipojulikana au watoto walipochanganyika au kupotea, na likakataza visitumike kuikana nasaba iliyothibiti kisharia. Wasomaji wanaodhani huu ni uzushi wa Kizungu wakumbuke furaha ya Mtume (s.a.w.) siku mjuzi wa kutambua nasaba, Mujazziz, alipoiona miguu ya Zaid na ya mwanawe Usama imetoka chini ya shuka, akasema ni ya damu moja, baada ya watu kumsema Usama kwa weusi wake.

Kwa walezi tuna maneno machache. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake wa damu. Sheria hiyo ina malezi ya kambo na ina kuasili. Kuasili humkata mtoto na waliomzaa na kumfanya wa mlezi kwa kila jambo, na hapo Mwislamu hana budi kusimama. Kafala, ambayo imetajwa hata katika Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, inakutosha: mlishe, msomeshe, mpende, umpe hiba ungali hai, umwusie hadi thuluthi ya mali yako. Mzee wetu wa michungwa angeweza kuandika wasia wa mistari mitatu na kijana asingetoka mikono mitupu. Hakuandika, kwa sababu kuandika kungefichua. Na mwambie mtoto mapema, kabla hajawa na akili ya kuona aibu. Mtoto wa miaka mitano ukimwambia kuwa yupo mama mwingine aliyemzaa, atauliza kama naye anapika maandazi, kisha atakwenda kucheza.

Eda ilipokwisha, mama mlezi alifungua sanduku lake akatoa kadi ya kliniki ya zamani, iliyofungwa katika kipande cha kanga. Ilikuwa na jina la mwanamke na jina la kambi moja ya mkonge. Alikuwa ameihifadhi muda wote huo. Kijana alikwenda mara ya kwanza peke yake. Mama aliyemzaa amekwisha kufariki; mjomba alimwonesha kaburi. Kwa baba limepatikana jina moja tu, na kwamba alikuwa kibarua kutoka upande wa Kigoma. Yupo dada wa mama mmoja, ameolewa na ana watoto.

Safari ya pili kijana alikwenda na mama mlezi. Alitusimulia kwamba dada huyo aliwakaribisha mkekani, akawaletea maji, kisha akamwuliza kwa adabu, "Kaka, na mama huyu ni nani kwetu?" Mama mlezi aliinamisha kichwa, kama siku ile ya mirathi.

"Huyu," akamjibu, "ni mama aliyenilea."